Land Rover 109 na Land Cruiser HJ47: Kilichoamua ni Ukubwa wa Injini

Katika gereji za Kigoma, kuanzia Mwanga na Ujiji hadi Kasulu na Kibondo, bado watu hubishana kama Land Rover 109 ilikuwa gari bora kuliko Land Cruiser iliyokuja kuipokonya barabara. Ubishi huo huendeshwa zaidi kwa mapenzi kuliko kwa hoja. Upande mmoja husema kwamba Mwingereza alitengeneza gari la kudumu na watu wakalitupa kwa kufuata mtindo, na upande wa pili husema kwamba Mjapani alimzidi Mwingereza maarifa. Nimeona niupeleke ubishi huu kwenye vipimo, kwa kuwa vipimo vipo, na vikisomwa kwa utulivu vinaonyesha jambo ambalo pande zote mbili hazilitaji: injini za magari haya mawili zilikaribiana sana kiufundi, na Land Cruiser ilishinda kwa sababu ilipewa injini inayolingana na mzigo, wakati Land Rover iliachwa kwa miaka ishirini na injini ndogo kuliko kazi yake.

Kabla ya kulinganisha ni lazima tukubaliane tunalinganisha nini, maana ubishi mwingi huharibika hapo. Ukichukua Land Rover ya dizeli ukaipambanisha na Land Cruiser mkonga (yenye bomba refu la kuvutia hewa) ya miaka ya 1990 umemwonea Mwingereza, kwa sababu hayo ni magari ya vizazi viwili tofauti. Ulinganisho wa haki ni wa magari yaliyouzwa dukani kwa wakati mmoja. Kwa upande wa Uingereza nachukua Land Rover Series III yenye chasisi ndefu ya inchi 109, iliyotengenezwa Solihull kati ya mwaka 1971 na 1985, ikiwa na injini ya dizeli ya sentimita za ujazo 2,286. Kwa upande wa Japani nachukua Land Cruiser ndefu ya mfululizo wa 40, yaani HJ47 ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, yenye injini ya dizeli inayojulikana kama 2H, ya sentimita za ujazo 3,980. Yote mawili yana springi za majani mbele na nyuma, ekseli ngumu, chasisi ya ngazi na fowili (magurudumu yote manne kusukuma gari) ya kuingizwa na dereva mwenyewe inapohitajika. Yote mawili yalikusudiwa kubeba watu na mizigo mahali ambapo barabara ni jina tu.

Injini ya Land Rover hutoa nguvu za farasi 62, na nguvu yake ya kuzungusha, ambayo mafundi huiita toki, ni takriban nyutoni-mita (Nm) 140, inayopatikana injini ikizunguka mara 1,800 kwa dakika. Injini ya 2H hutoa nguvu za farasi 103 na toki ya Nm 240 kwenye mizunguko 2,000. Ukiishia hapo utasema Mjapani ameshinda kwa mbali na hakuna la kujadili. Lakini gawanya namba hizo kwa ujazo wa kila injini. Land Rover inatoa nguvu za farasi 27 na toki ya Nm 61 kwa kila lita, na Land Cruiser inatoa nguvu za farasi 26 na toki ya Nm 60 kwa kila lita. Tofauti iliyobaki ni ndogo kiasi kwamba haimfai mtu yeyote anayetaka kujivunia ufundi wa taifa fulani, na kama ina upande, basi iko upande wa Mwingereza. Zote mbili ni dizeli za mtindo uleule wa zamani, ambamo mafuta hupigwa kwanza ndani ya kijumba kidogo juu ya silinda kabla ya moto kusambaa juu ya pistoni, na zote mbili huvuta hewa zenyewe bila turbo. Toyota hawakugundua uchawi wowote. Walichofanya ni kuweka silinda sita pale ambapo Rover waliweka nne.

Uamuzi huo unaonekana wazi mtu anapoacha ziwa na kupanda. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na mtu anayetoka Mwandiga kwenda Kalinzi na Manyovu hupanda mpaka kwenye vilima vinavyozidi mita 1,500. Tuchukue Land Rover iliyobeba mpaka kikomo chake cha takriban tani 2.7, na Land Cruiser tuipe tani tatu kamili ili isionekane kupendelewa. Land Rover inabaki na nguvu za farasi 23 kwa kila tani, na Land Cruiser 34. Kwenye mlima wenye mwinuko wa mita kumi kwa kila mita mia, barabara ikiwa ya vumbi, na tukitoa asilimia 20 ya nguvu inayopotea ndani ya gia na difu (gia za katikati ya ekseli), hesabu ya kawaida ya fizikia inaipa Land Rover mwendo wa kilomita 40 kwa saa na Land Cruiser kilomita 60. Hayo ni makadirio ya injini nzima, mpya, iliyo chini kwenye usawa wa bahari. Hewa hupungua uzito kwa takriban asilimia moja kwa kila mita 100 unazopanda, na pampu ya dizeli ya zamani haijui kwamba hewa imepungua, kwa hiyo inaendelea kumimina mafuta yaleyale. Ule moshi mweusi unaoziba kioo cha gari la nyuma kwenye milima ya Buhigwe ni mafuta yaliyokosa hewa ya kuungua nayo, na sehemu ya nguvu ambayo dereva ameilipia inatokea kwenye bomba la ekzosi.

Wapenzi wa Land Rover hujibu hoja hii kwa kutaja gia nzito, yaani gia za mwendo wa polepole na nguvu nyingi, na wana haki ya kuitaja. Ukiweka gia ya kwanza kwenye gia nzito, gia boksi, gia boksi ndogo (inayogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma) na difu kwa pamoja huzidisha toki ya injini takriban mara 40, na kwa hali hiyo 109 hupanda karibu chochote ambacho tairi zake zinaweza kukishika. Hata utaratibu wa kuingiza fowili ulibuniwa na mtu anayeelewa dereva mwenye mikono ya matope: unakandamiza chini kitasa cha njano na magurudumu ya mbele yanaingia kazini kwa mwendo wa kawaida, au unavuta nyuma kitasa chekundu gari likiwa limesimama na linaingia gia nzito pamoja na fowili kwa mkupuo mmoja. Tatizo ni kwamba hakuna anayesafiri kutoka Kigoma hadi Kibondo kwa gia ya kwanza nzito. Safari inaendeshwa kwa gia ya tatu na ya nne, na huko ndiko Land Rover inakokosa nguvu.

Tazama mwendo wa kilomita 80 kwa saa kwenye tambarare, magari yote mawili yakiwa na tairi 750 za rimu 16. Land Rover, ambayo difu yake ni ya 4.7 na gia boksi yake ndogo inapunguza tena kidogo hata kwenye gia nyepesi, inalazimika kuzungusha injini karibu mara 2,900 kwa dakika. Land Cruiser yenye difu ya 4.11, ambayo ndiyo iliyozoeleka kwenye mfululizo wa 40, inazungusha injini yake takriban mara 2,200. Sasa rudi kwenye toki. Injini ya Land Rover huvuta vizuri zaidi kwenye mizunguko 1,800, kwa hiyo kwa mwendo huo imekwisha kuipita sehemu yake nzuri kwa mizunguko zaidi ya elfu moja, ikipiga kelele na kuchemka. Injini ya 2H iko palepale inapostahili kuwa. Mlima mdogo ukijitokeza, dereva wa Land Cruiser huongeza mafuta na kuendelea kwa gia ileile, wakati mwenzake anashusha gia, anapoteza mwendo, na akifika juu anaanza kuutafuta upya. Ukirudia jambo hilo mchana kutwa unapata dereva aliyechoka na injini iliyozeeka, na kwa maoni yangu hapo ndipo sifa ya Land Cruiser kwamba haifi ilipozaliwa. Injini isiyotumwa kufika mwisho wa uwezo wake hudumu.

Kuna tofauti nyingine ambayo haiandikwi kwenye matangazo, nayo ni pampu ya dizeli. Land Rover ilitumia pampu ndogo ya mzunguko aina ya CAV, ambayo hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Land Cruiser ilitumia pampu ya mstari, yenye kijipistoni kimoja kwa kila silinda, ambayo mashine zake za chini hulainishwa na oili ya injini. Kwa mtu wa London tofauti hiyo haina uzito. Kwa Kigoma ya wakati ule, ambako dizeli ilifika kwa reli ya kati, ikamiminwa kwenye madramu, ikakaa wiki kadhaa kwenye stoo ya misheni au ya mradi na hatimaye ikanyonywa kwa mpira, tofauti hiyo ilikuwa kubwa sana. Maji kidogo na mchanga mwembamba huikwaruza pampu ya mzunguko mpaka inashindwa kusukuma mafuta wakati injini ni ya moto, na gari lililowaka asubuhi bila shida hukataa kuwaka saa nane mchana. Pampu ya mstari nayo huharibiwa na uchafu, lakini huvumilia zaidi na hutoa dalili mapema.

Kuhusu krenki, yaani shafti ya injini inayozungushwa na pistoni, nitasema kwa ufupi. Dizeli ya Land Rover ilishikiliwa na beringi kuu tatu hadi mwaka 1980, ndipo ikapewa tano. Ya 2H ina saba. Fundi yeyote aliyewahi kutoa krenki iliyokatika ndani ya Land Rover ya miaka ya 1970 anajua kwa nini Rover wenyewe waliona haja ya kubadilisha.

Hadi hapa inaonekana namsifu Mjapani peke yake, na isingekuwa haki nikiishia hapo, kwa sababu Land Rover ina mambo mawili ambayo kwayo ilikuwa mbele, na yote mawili yana maana kwetu. La kwanza ni uzito wa pua. Silinda sita za chuma cha kumwaga zilizowekwa juu ya ekseli ya mbele huifanya Land Cruiser izame mapema inapoingia kwenye tope laini, kama lile la kandokando ya Malagarasi wakati wa masika, na ikishazama ni nzito kuitoa. Land Rover, ikiwa na tairi zilezile, hukaa juu kwa muda mrefu zaidi, na watu wachache wenye majembe na matawi ya miti wanatosha kuiondoa.

La pili ni jinsi inavyotengenezeka. Saidi shafti za nyuma za Land Rover, yaani vyuma vinavyopeleka mzunguko kutoka kwenye difu hadi magurudumu, zilikuwa na sifa mbaya ya kukatika, hasa kwenye ekseli za zamani za Rover kabla 109 haijapewa ekseli nene ya Salisbury mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lakini waliozibuni waliziweka kwa namna ambayo uzito wa gari haubebwi na shafti bali na kasha la ekseli, na matokeo yake yanastahili kuonwa kwa macho. Nimewahi kumtazama fundi akishughulikia shafti iliyokatika kwenye mteremko wa Kalinzi, gari likiwa na magunia ya kahawa nyuma. Hakupiga jeki wala hakutoa tairi. Alifungua bolti sita katikati ya kikombe cha gurudumu, akagonga kidogo pembeni ili gasketi iachie, kisha akavuta nje kipande cha shafti kirefu kama mkono, kinachong'aa oili, chenye mkato mweupe mwishoni. Kipande kilichobaki ndani ya difu alikivua kupitia upande wa pili, kwa kutoa shafti nzima na kukisukuma kwa waya mnene mpaka kikatoka. Akafunga shafti mpya, akarudisha bolti, na abiria walikuwa hawajamaliza kugawana mahindi ya kuchoma. Gari linalotengenezeka hivyo lina thamani yake katika mkoa ambao kwa muda mrefu sana ulikuwa mbali na duka la spea.

Suala la kutu lina sura mbili. Land Rover ilizaliwa mwaka 1948, wakati Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, na bodi yake ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Ndiyo maana unaweza kuona 109 ambayo mabati yake hayana tundu hata moja la kutu baada ya miaka hamsini, na mwenye kuinunua akaamini amepata gari zima. Chini ya bodi hiyo kuna chasisi ya chuma iliyochomelewa kama boksi, na boksi hilo huoza kuanzia ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Pia pale alumini inapogusana na chuma, chumvi na unyevu hufanya vitafunane kwa kasi. Gari lililowahi kubeba chumvi ya Uvinza ikiwa bado na majimaji linapaswa kutazamwa kwa wasiwasi mkubwa zaidi kuliko gari lililobeba mihogo maisha yake yote. Land Cruiser ni kinyume chake. Bodi yake ni ya chuma na hutoboka mapema, kwenye kingo za milango na kwenye sakafu, lakini hufanya hivyo hadharani, na mara nyingi chasisi iliyo chini yake ingali imara. Mimi naona ni afadhali ugonjwa unaoonekana.

Nirudi sasa kwenye dai kwamba Land Cruiser ilishinda kwa sababu ya mtindo au kwa sababu ilikuja kama msaada. Ni kweli kwamba baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 nchi ilikaukiwa fedha za kigeni, spea za Land Rover zikawa adimu, na miradi ya wafadhili ikaingia na magari yake. Ni kweli pia kwamba wimbi la wakimbizi kutoka Burundi mwaka 1993 na kutoka Kongo mwaka 1996 liliujaza mkoa wetu Land Cruiser nyeupe za mashirika ya misaada. Lakini mashirika hayo yalikuwa na uhuru wa kununua gari lolote duniani, na hayakuwa na sababu ya kuchagua gari ambalo lingewaacha wagonjwa njiani. Ushahidi ulio wazi zaidi umetoka kwa Land Rover wenyewe. Walipoingiza injini ya 200Tdi kwenye gari lao mwaka 1990, ikiwa na turbo na toki ya Nm 255, yaani zaidi kidogo ya ile ya 2H, malalamiko kuhusu gari kushindwa mlima yalikwisha, na One Ten (mrithi wa 109) za 300Tdi zilizofuata bado zinatafutwa na watu wanaojua magari. Chasisi, ekseli na umbo ni watoto halali wa 109. Kilichobadilika zaidi ni springi na injini. Dawa ilijulikana, ikachelewa kwa muongo mzima, na katika muongo huo mnunuzi alikwisha kuhama.

Ninayasema haya kwa sababu 109 zilizobaki mkoani sasa zinapitia operesheni ambayo nyingine zinaiweza na nyingine haziiwezi. Wenye magari hutoa injini ya Rover iliyochoka na kuweka ya Toyota au ya Nissan, na kwa msingi wa hesabu za hapo juu siwezi kuwalaumu, kwa kuwa wanasahihisha kosa lililofanywa kiwandani. Ninachowaomba ni kuheshimu gia boksi. Gia boksi ya Series III ilitengenezwa kwa ajili ya injini za toki ya kati ya Nm 140 na takriban 180. Ukiifungia injini ya 1HZ ya Toyota yenye toki ya Nm 285, meno ya gia yatalipa deni hilo, na yakivumilia, litaangukia kwenye saidi shafti. Dizeli ya ukubwa wa wastani, isiyo na turbo, yenye toki isiyozidi sana Nm 170, huifanya 109 iwe gari tamu bila kuiua. Anayetaka nguvu zaidi ya hapo abadilishe na gia boksi kwa pamoja, au aiache 109 kama ilivyo.

Kwa anayenunua leo, ushauri wangu unategemea kazi. Kama gari ni la kubeba mizigo na watu kila siku kati ya Kigoma, Kasulu na vijiji vilivyo nje ya lami, tafuta HJ47 hata kama bodi yake ni mbovu, kwa sababu bati huchomelewa. Kama ni 109 unayoitaka, na zipo sababu nzuri za kuitaka, usikimbilie ya dizeli kwa jina la kubana matumizi. Ya petroli yenye injini ya ukubwa uleule ina toki inayozidi Nm 160, hupanda vizuri zaidi, na haina ile pampu ya CAV. Chagua iliyotengenezwa baada ya mwaka 1980, yenye beringi tano. Kabla hujatoa fedha, lala chini ya gari ukiwa na nyundo ndogo, ugonge chasisi kuanzia kwenye boriti ya nyuma kuja mbele mpaka kwenye mikono ya springi. Sauti ikiwa kali, endelea na mazungumzo ya bei. Sauti ikififia, au maganda yakikudondokea usoni, kwanza uliza gharama ya kuchomelea chasisi, kisha ndipo utaje bei yako.